Nakala ya Sauti ya Zulma

Wilmar Bentancor alikuwa mtu wa kubeba chupa ya maji moto kwapani hata siku ya kwenda kupiga kura. Hapa Montevideo hilo halimtambulishi mtu, maana karibu sote tunatembea hivyo, chupa kwapani na kibuyu cha yerba, majani tunayoyanywa kama chai, mkononi. Yeye alitambulika kwa kifuniko. Alikiacha kimelegea ili asipoteze muda kukifungua, na mkewe Zulma alimgombeza kwa jambo hilo miaka yote ya ndoa yao.

Nilifanya naye kazi katika ofisi ndogo mtaa wa Cordón. Mimi nilipokea na kupanga malalamiko ya wateja, yeye aliyatatua. Ofisi ilitunza kompaila, yaani programu inayosoma maagizo yaliyoandikwa na mtu na kuyageuza kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukitenda. Ya kwetu ilitumika kwenye mita za umeme na mashine za kulipia madukani. Mteja yeyote aliyelalamika alipata kwanza jibu lilelile kutoka kwa Wilmar: tuletee faili moja, lililoandaliwa.

Wenye kazi hii wanalijua neno hilo. Programu haikai katika faili moja. Faili kuu huwa na mistari inayosema, bandika hapa faili fulani, na faili hilo nalo huita jingine. Kabla kompaila haijaanza kazi yake hasa, kuna hatua ya maandalizi. Kila faili lililoitwa hunakiliwa lote, neno kwa neno, mahali pale lilipoitwa, na kila jina la mkato hubadilishwa na thamani yake. Kinachotoka ni faili moja refu kama treni ya mizigo, lisilohitaji kitu kingine chochote. Mteja akikutumia hilo, huhitaji kompyuta yake wala folda zake. Hitilafu yake umeipata mezani kwako.

Wilmar aliizoea desturi hiyo mpaka akaihamishia nyumbani. Kila alichokiandika kwa ajili yake mwenyewe alikihifadhi hivyo: analiandaa faili, analiweka mahali salama, mengine yote anayafuta. Vijana wa ofisini walikuwa na njia zao mpya za kutunza kazi na walimcheka. Yeye aliwaambia kwamba faili lililoandaliwa halijawahi kumwangusha.

Zulma Etcheverry aliuza mikate na vitobosha katika duka la mtaa wa La Teja, na kila kiangazi aliimba katika kundi la kanivali la wanawake wa mtaa huo. Sauti yake haikuwa nzuri kwa maana ya kawaida. Ilitokea puani, nzito, yenye mkwaruzo, sauti inayotakiwa katika nyimbo zile za kuwasema wakubwa mbele ya watu. Dukani aliita namba za wateja, na mtu aliyekuwa kituo cha basi ng'ambo ya barabara alijua zamu yake imefika. Wilmar, mwenye sauti ya chini isiyopanda wala kushuka, alikuwa akisema kwamba Mungu aliwapa sauti moja na nusu, na nusu ndiyo yake.

Ugonjwa wa Zulma ulianza mkononi. Aliangusha sinia la mikate, akacheka. Akaangusha la pili. Kisha ulimi ukawa mzito jioni, baadaye mchana. Daktari aliwaambia bila kuzunguka kwamba mishipa itaendelea kufa na hakuna dawa ya kuirudisha, na kwamba kusema kutatangulia kuondoka.

Wiki hiyohiyo Wilmar alitundika mablanketi kwenye madirisha ya jikoni, akaweka kipaza sauti juu ya meza, akaanza kumrekodi. Nilikuwa nakaa ghorofa ya chini yao, nikaitwa kwenda kukaa kwenye ngazi kuwazuia watoto wa jirani wasipige mpira. Mlango ulikuwa wazi kidogo, nikawasikia.

"Sema: nina kiu," Wilmar alisema.

"Hiyo nitaitumia mara ngapi, mzee wangu? Anza na 'mjinga wewe'. Hiyo ndiyo ya kila siku."

"Tutaifikia."

"Tuifikie sasa, wakati bado naisema vizuri."

Akaisema kwa namna nyingi: ya hasira, ya utani, ya kumwamsha mtu kitandani. Halafu akasema na ya kiu, na ya maumivu, na majina ya ndugu zake wote, na sauti zote za lugha kipande kwa kipande, ili Wilmar aweze kuunga maneno ambayo hakuyasema. Kazi ile iliwachukua majira yote ya vuli. Siku za mwisho alipumzika kati ya kila neno.

Wilmar alizikata rekodi zile vipande vidogo, akavigeuza vyote kuwa namba, maana kwa mashine sauti ni namba tu, na namba hizo akaziweka katika faili moja alilolipa jina la mkewe. Programu yake ndogo ilikuwa na mstari wa kulibandika faili hilo. Zulma aligusa herufi kwenye kompyuta bapa, programu ikachagua vipande, na sauti yake ikatoka. Haikuwa kamili. Ilikwama katika maneno marefu. Lakini mara ya kwanza ilipoita "Wilmar!" kutoka jikoni, mimi nilikuwa nyumbani kwangu chini, na nilidhani ugonjwa umemwachia.

Tatizo lilikuwa muda. Kila Wilmar aliporekebisha kitu kidogo, kompaila ilizisoma upya namba zote za Zulma, mamilioni kwa mamilioni, na yeye alikunywa chupa nzima ya yerba akisubiri. Wakati huohuo ofisini alikuwa amepewa kazi ya kuifundisha kompaila yetu amri mpya, ile ya kuingiza moduli. Kwa amri hii faili haliandikwi tena ndani ya jingine. Faili linaloitwa hugeuzwa mara moja tu, matokeo yake huwekwa mahali, na faili kuu hulitaja kwa jina. Kompaila ikifika kwenye jina hilo inakwenda kuichukua moduli iliyokwisha kutengenezwa.

Pakazuka swali ofisini: katika faili lililoandaliwa, mstari huo wa kuingiza ufanyweje? Kijana mmoja, Ismael Camejo, alitaka maandalizi yabandike kila kitu kama zamani, ili desturi yetu ya faili moja isivunjike. Wilmar alikataa, na nakumbuka alivyokataa kwa upole.

"Moduli si maandishi, mwanangu. Ni kitu kilichokwisha kupikwa. Utakibandika vipi katikati ya unga?"

Alishinda, na kwa haki, maana ndivyo inavyotakiwa. Ndiye aliyeandika sehemu hiyo. Maandalizi yanaifungua moduli, yanasoma majina yake ya mkato na kuyabadilisha kila yanapotokea, kisha mstari wenyewe yanauacha ulivyo, yakiutia alama ili baadaye utambulike. Kompaila ikipewa faili lililoandaliwa haitafuti tena faili lolote la kubandika, imeshaambiwa kila kitu kimo. Mstari ule tu ndio inaouheshimu, inakwenda kuitafuta moduli.

Kazi hiyo ilipokamilika aliitumia nyumbani. Alibadilisha mstari mmoja katika programu ya Zulma, badala ya kubandika akaandika kuingiza, na kusubiri kukaisha. Akaandaa nakala yake kama kawaida. Chakula cha mchana alinieleza kwa furaha jinsi nakala ilivyokuwa nyepesi sasa. Alisema aliifungua kuikagua. Alikuta idadi ya vipande vya sauti imeandikwa, na kasi ya sauti imeandikwa, akadhani ndizo namba za Zulma, akaridhika. Kumbe zilikuwa namba mbili tatu tu za majina ya mkato, zile ambazo maandalizi yanazibadilisha. Yeye ndiye aliyeyapangia yafanye hivyo. Lakini jikoni kwake hakuwa mtu wa ofisini. Alikuwa mume aliyechoka, na mkono wake ulifanya uliyoyazoea.

Majira ya kuchipua Zulma hakuweza tena kusimama, na Wilmar akaacha kazi kumtunza. Kompyuta aliyoifanyia kazi nyumbani ilikuwa mali ya ofisi. Kabla ya kuirudisha alifuta kila kitu na kuandika juu yake upya, kama kanuni inavyotaka, ili mtu asiweze kufufua chochote. Kazi hiyo aliifanya vizuri kama kazi zake zote. Nakala iliyoandaliwa alibaki nayo.

Ajali ilitokea Jumapili, tukiwa matembezini kando ya mto. Zulma alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, kompyuta bapa mapajani, mimi nikisukuma. Wilmar alikuwa akimimina maji kwenye kibuyu huku anatembea.

"Wilmar, funga hiyo chupa vizuri," sauti ya Zulma ilisema.

"Ndiyo, bibi yangu."

Hakufunga. Gurudumu liligonga ukingo wa tofali, nikayumba, nikamgonga kiwiko. Maji yakamwagika yote. Hayakumgusa Zulma, yalikwenda kwenye kompyuta. Kioo kikawaka, kikazima. Nilianza kuomba radhi na Wilmar akaniambia niache, kitu chenyewe kilikuwa kimezeeka, atanunua kipya kesho na kuijenga programu upya, nakala ipo. Zulma alikuwa akimtazama kwa yale macho yake ya kusema nilikuambia, na Wilmar akamjibu kwamba amesikia, amesikia, wiki ijayo atasikia tena kwa sauti ya Zulma mwenyewe. Tukarudi nyumbani tunacheka. Fundi tuliyempelekea alisema kumbukumbu ya ndani imeungua, na hata hilo halikututisha.

Asubuhi ya Jumanne alinipigia simu ofisini. Sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote, kwa hiyo mwanzoni sikuelewa.

"Mstari umebaki, Mirta," alisema.

"Mstari gani?"

"Wa kuingiza. Nimeifungua nakala. Inasema ingiza zulma, halafu inaendelea. Yeye hayumo."

Nilimuuliza kama hakuwa na rekodi zenyewe mahali pengine. Alisema zilikuwa kwenye kompyuta ileile aliyoifuta, pamoja na faili la namba, pamoja na kifurushi cha kusakinisha. Hakuona sababu ya kuziacha. Faili lililoandaliwa lilikuwa na kila kitu.

Kulikuwa na tumaini moja. Alipokuwa bado kazini, mchana wakati wengine wanakula, alikuwa akiijenga programu ile kwenye mashine kubwa ya ofisi, na mashine hiyo huweka akiba ya moduli zilizokwisha kutengenezwa. Alikuja na teksi, amemwacha Zulma na Nibia, dada wa Zulma. Ismael, ambaye sasa ndiye aliyeitunza mashine ile, alimpisha kiti chake bila kuulizwa. Wilmar aliandika jina la mkewe kwenye kitafutio. Hakikutokea kitu.

"Hii akiba husafishwa, don Wilmar," Ismael alisema. "Moduli isiyoitwa na mtu inaondolewa yenyewe."

"Nani alipanga hivyo?"

"Ni kawaida tu. Ikijaa, ujenzi unakuwa mzito."

"Ni sawa," Wilmar alisema. "Na mimi ningepanga hivyo."

Ismael aliwaita wenzake, wakatafuta kwenye akiba za akiba, wakampigia simu mtu wa kampuni inayotukodishia mashine. Kila mmoja alikuja na wazo, na kila wazo liliishia mahali pamoja. Ile kompyuta iliyofutwa alikuwa nayo mwajiriwa mpya, msichana, akawapa kabla hajamaliza kuelezwa. Wilmar aliitazama tu. Alisema aliifuta yeye mwenyewe na hajawahi kufanya kazi hiyo ovyo. Akavaa koti, akawashukuru mmoja mmoja kwa jina, akaondoka.

Zulma aliambiwa jioni. Wakati huo walikuwa wakitumia kibao cha kioo chenye herufi. Yeye anaitazama herufi, aliyesimama upande wa pili anaifuata kwa macho na kuisema. Nibia alinisimulia kwamba Wilmar alieleza kila kitu kwa mpangilio, maandalizi, moduli, mstari, kama anamweleza mteja, na Zulma alimwacha amalize. Kisha akauliza kwa kibao: kanivali?

Zilikuwepo picha za video za kanivali, za miaka mingi, zilizopigwa na watu wa mtaa. Walikaa siku nyingi wakizitazama. Lakini kundi lile huimba pamoja, koo zote kwa mkupuo mmoja, na Zulma hakuwahi kupewa kipande cha peke yake. Wilmar alisema anamsikia. Alisimamisha picha, akarudisha nyuma, akasema hapa, huyu hapa chini kushoto. Nibia hakusikia, mimi sikusikia, na Zulma mwenyewe alisema kwa kibao kwamba yule ni Blanca, mwenzake wa kundi. Kwenye simu zetu kulikuwa na ujumbe wake wa sauti, wa wakati ulimi ulipokuwa umeshalemea. Hapo awali hakupenda kutuma sauti, alipenda kuja kupiga kelele mlangoni. Tulimsikilizisha. Akasema kwa kibao: huyo mlevi mfuteni.

Nibia alinunua kompyuta nyingine yenye sauti ya dukani. Ilikuwa ya msichana wa nchi nyingine, laini, inayotamka kila herufi. Tulikuwepo wote siku ya kuijaribu. Zulma alifikiri kidogo, akaandika, na yule msichana akasema:

"Jamani, mimi ndiye mke mpya wa Wilmar. Yule bibi wa zamani amekwenda wapi?"

Nibia alicheka mpaka akashika meza. Wilmar alitoka, tukasikia maji ya bafuni yanatiririka kwa muda mrefu. Aliporudi, Zulma alikuwa ameshaizima. Hakuiwasha tena. Akaomba kibao, akasema kuanzia sasa Wilmar ndiye atakayesema.

Basi ikawa hivyo. Yeye alitazama herufi, na mumewe akazitoa kwa ile sauti yake ya nusu. Jirani akija kumjulia hali, Wilmar ndiye aliyejibu, "Sijambo, na wewe umenenepa." Alijitukana mwenyewe kwa niaba yake. "Mjinga wewe, supu haina chumvi," anasema, halafu anajijibu, "Nakuja, bibi yangu." Mgeni angeweza kudhani mtu amerukwa na akili. Sisi tulizoea. Kuna nyakati niliwaza kwamba wameipata njia.

Majira ya baridi mapafu yalianza kuchoka. Jumamosi moja nilipanda kuwapelekea mkate, nikakuta Wilmar amesimama mbele ya kitanda ameshika kibao, anasoma. Zulma alianza na jina lake. "Wilmar," akasema Wilmar. Akaendelea, herufi kwa herufi, na mimi niliyesimama nyuma yake niliyaona macho yalivyokwenda. "Wewe," akasema. "Hukunipoteza..." Hapo akanyamaza. Macho ya Zulma yaliendelea kutembea juu ya kioo hadi mwisho wa alichotaka kusema, yakatulia, yakangoja.

Wilmar alikohoa. Akasema hakuiona vizuri, taa ni mbaya.

Zulma akaanza upya, tangu kwenye jina. Ilimchukua muda, maana kope zilikuwa zinamwangukia. Wilmar alisoma hadi neno lilelile na kusimama, na macho ya Zulma yakaendelea tena hadi mwisho. Nilitaka kumalizia mimi. Nilifungua mdomo. Zulma alinitazama mara moja, akayarudisha macho kwa mumewe, nikaelewa kwamba hakuomba isemwe na mtu mwingine. Alirudia mara ya tatu, akachoka kabla ya nusu, akalala. Wilmar alikiweka kibao dirishani, akaenda kuchemsha maji.

Zulma alifariki siku chache baadaye, mchana, akiwa usingizini. Makaburini wanawake wa kundi la kanivali waliimba, wengi wao wakiwa na makoti juu ya nguo za dukani. Wilmar alisimama mbali kidogo na wao, kichwa ameinamisha upande mmoja, kama mtu anayejaribu kusikia kitu kilicho nyuma ya kingine.

Bado anakaa juu yangu. Hunywa yerba peke yake kwenye ngazi, nami huketi naye nikitoka kazini. Kuna jioni nilimwambia kwamba sentensi ile ya mwisho ninaijua, na akitaka nitamsomea. Alimimina maji, akairudishia chupa kifuniko, akakikaza.

"Hakuimaliza, Mirta," alisema. "Alichoka katikati."

Nilikuwepo. Aliimaliza mara mbili. Lakini Wilmar alikuwa akinitazama kwa macho ya kuomba, nikamwambia kwamba huenda ni kweli, kwamba taa ilikuwa mbaya.